Viti Viwili vya Bujumbura

Nilipaswa kuikinga finjani yangu mbele, kama mtu anayetaka kahawa zaidi. Mambo yangesimama palepale yalipokuwa, na mdogo wangu angerudi kutoka India akayakuta. Badala yake niliitikisa, kulia na kushoto, kama wanavyotikisa watu wa Maskati wanapokuwa wametosheka. Kwa mtikiso huo nilikubali, kwa niaba ya watu wote wa Bujumbura, kwamba viti vyetu viwili vya ghorofani vifutwe.

Hakuna aliyenilazimisha. Nalisema hilo mwanzo ili msomaji asije akanihurumia huko mbele. Lakini ninayetaka kumweleza hapa ni Bi Katibu, kwa sababu viti vile alivitengeneza yeye, na yeye ndiye aliyeniambia nisubiri. Jina lake silitaji. Hata mafundi wa umeme walimwita Bi Katibu bila kujua ni katibu wa kitu gani.

Sabla yetu iko Hamriya, mtaa wa Maskati, juu ya maduka ya vitambaa. Sabla ni ukumbi wa jamaa: humo tunapokea rambirambi, tunafungisha ndoa, tunafuturu pamoja Ramadhani. Ya kwetu ni ya familia zilizorudi Omani kutoka Afrika, nasi tumetoka sehemu tano: Unguja, Pemba, Mombasa, Bara na Bujumbura. Wa Unguja ni wengi, wakija harusini wanajaza mabasi. Sisi wa Bujumbura tulikuwa nyumba nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa yangu na ya mdogo wangu.

Ukumbi una sehemu mbili. Chini ni pakubwa, na huko mambo yaliamuliwa kwa kuhesabu vichwa. Juu kuna chumba kimoja cha mazulia na mito, na huko kila sehemu ilikuwa na viti viwili, kubwa kwa ndogo. Kiti chenyewe hakikuwapo hata kimoja, tulikaa kwenye mito, lakini tulisema viti. Jambo kubwa halikupita mpaka lipite chini na juu. Mpango huo wote ulitoka kichwani mwa Bi Katibu, naye alikuwa mtu wa Unguja.

Nilimwuliza mara moja kwa nini mtu wa Unguja ajipunguzie nguvu namna ile.

"Mimi ni mwalimu, baba," akasema. "Darasa ukiliachia wenye sauti kubwa, mwisho wa mwaka hujui wengine wanajua nini."

Alikuwa amefundisha maarifa ya jamii katika shule ya sekondari ya wasichana hapa Maskati miaka mingi. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la nchi za shirikisho. Alichora ubaoni nyumba ya ghorofa moja na ngazi yake, akawaambia wasichana: chini wanahesabiwa watu, juu zinahesabiwa sehemu. Jimbo lenye watu tele na jimbo lenye mbuzi wengi kuliko watu, wakipanda ngazi wanakaa sawa. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa ni bibi wa watu, wanasema katika mtihani nusu ya darasa walichora ngazi.

Mkaguzi mmoja aliwahi kumshauri asilitumie muda mwingi somo lile, kwa kuwa Omani si shirikisho.

"Na theluji pia hatuna," akamjibu, "lakini tunawafundisha theluji."

Alifuatilia habari za mabaraza ya juu ya nchi za mbali kama wengine wanavyofuatilia mpira. Ungemkuta amekasirika asubuhi nzima. Ungedhani amefiwa, kumbe katika nchi fulani ambayo hajawahi kufika, jimbo dogo limepunguziwa wajumbe. "Wamelila," angesema. "Wamelila na kura mkononi."

Lakini asidhani mtu kwamba hakuona upande wa pili. Tajiri mmoja wa vitambaa, mtu wa Unguja mwenzake, alimkabili siku moja ngazini, wakati Bi Katibu anapanda polepole kwa sababu ya goti lake bovu.

"Bi Katibu, n'kuulize kwa heshima. Nyumba nne ziwe na sauti sawa na mtaa mzima, hiyo ndiyo haki?"

"Haki ya watu iko chini, shuka ukaipige kura. Huku juu ni haki ya mahali."

"Na mahali padogo pakitukwamisha?"

"Patatukwamisha. Tutakaa. Una safari?"

Na kweli tulikwamishwa. Watu wa Mombasa waliwahi kukataa rangi ya mapazia tangu baada ya swala ya alasiri mpaka ikaadhiniwa magharibi. Wote tulikwisha kukubali kijani, wao wawili wamekinga finjani zao mbele kama watu wenye kiu ya wiki. Bi Katibu akawa anamimina tu. Mwishowe mmoja wao akasema, "Jamani, moyo unanienda mbio, leteni hicho kijani," na mapazia yakawa ya kijani mpaka leo.

Huo ulikuwa utaratibu wake mwingine. Aliona watu wetu wanaona haya kuinua mkono kumpinga mkubwa mbele za watu, kwa hiyo akaiacha mikono, akatumia kahawa. Aliyeridhika na jambo alitikisa finjani. Ambaye bado hakuridhika alikinga, akamiminiwa tena, na mazungumzo yakaendelea. Alimimina mwenyewe, ingawa desturi ya hapa ni kijana amimine na wazee wakae. "Mwenye dele ndiye anayewaona watu macho," alisema, dele, lile birika la kahawa, likiwa mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia. Kulikuwa na mzee wa Pemba mwenye ugonjwa wa sukari, aliyeogopa kahawa ya usiku isimkoseshe usingizi. Akiletewa tu, anatikisa. Kwa njia hiyo aliwahi kuidhinisha zulia ambalo alikuwa amekuja kulipinga, na akalikanyaga kwa hasira miaka yote.

Bi Katibu alipoanza kupanda ghorofani, wanaume wawili watatu walinung'unika. Mmoja akasema sabla si mahali pa mwanamke. Bi Katibu hakubishana. Alikaa karibu na mlango, akafungua daftari, akamtazama. "Mabinti zako watatu nimewafundisha mimi. Yupi unataka nimsimulie kwanza?" Mambo yakaishia hapo.

Alikuwa na kasoro, nami sitaki kumpaka chokaa. Alihubiri kugawana mamlaka, lakini funguo za sabla hakumpa mtu miaka yote niliyomjua. Alitutaka tuseme Kiswahili safi, na akikasirika alitukana kwa Kiarabu, tena Kiarabu cha sokoni. Alipenda mieleka ya televisheni, akimshangilia siku zote yule mkubwa. Nikamcheka. "Pale wanalipwa," akasema.

Na kulikuwa na jambo la Nakato. Huyu alikuwa binti wa Uganda aliyefanya kazi nyumbani kwa Bi Katibu, na siku za mikutano alikuja naye kuosha vyombo. Siku moja anakusanya finjani, akauliza kwa Kiswahili chake cha huko kwao, bila ubaya wowote:

"Mama, sisi wenye tunaosha vikombe, tuko sehemu gani? Tuna viti ngapi?"

Watu walicheka. Bi Katibu hakucheka. Mkutano uliofuata alilileta jambo lile: wafanyakazi wa Uganda na wa Tanzania wanaohudumia sabla wawe hata na mmoja wa kusema. Tukakataa sote, finjani zikatikiswa upesi, na yangu ikiwamo. Yeye, ambaye kwa mapazia alimimina mpaka magharibi, safari hii alifunga daftari baada ya duru moja. Njiani nilimsikia akijisemea, "Nimechoka leo. Na si leo tu." Nadhani lilimkera mpaka mwisho, lakini hakulirudisha tena.

Kwetu sisi wa Bujumbura alifanya makubwa. Jumamosi watoto walikuwa na darasa la Kiswahili pale chini. Mwalimu kijana aliandika ubaoni "uma", mtoto wa mdogo wangu akasema hiyo ni "furusheti", kwa sababu ndivyo tunavyosema nyumbani, na darasa zima likavunjika mbavu. Mtoto akagoma kurudi. Bi Katibu alisikia, akaja Jumamosi iliyofuata na goti lake, akachora uma ubaoni, chini yake akaandika maneno yote mawili.

"Chakula kimeanguka?" akawauliza watoto.

"Hapana, Bi Katibu."

"Basi mnacheka nini?"

Kisha akatupatia Alhamisi. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya alasiri, ukumbi ulikuwa wa nyumba nne za Bujumbura. Tulipika maharage kwa mawese, tukakaanga ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, tulizoletewa na wasafiri, tukasema Kiswahili chetu chenye Kifaransa ndani yake bila mtu kutusahihisha. Mdogo wangu alikuwa mtu mwingine siku hizo. Hapa mjini ni mtu mkimya, karani mstaafu. Alhamisi aliigiza wauza duka wote wa Buyenzi, mtaa tuliokulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka wake zetu wakaomba apumzike. Alikuwa akiniita "Kaka" kwa kuivuta ile a ya mwisho, kama mama yetu alivyokuwa akiniita akinitania.

Hayo yote yalisimama juu ya viti viwili. Kimoja changu, kimoja chake.

Tajiri wa vitambaa alinijia dukani kwa kinyozi. Mwenyekiti wa sabla alikuwa mgonjwa na ameomba apumzike.

"Wewe ndiye unayefaa, yakhe," akaniambia, nimejaa povu kidevuni. "Mtu mzima, umesoma, huna kelele. Lakini watu wetu hawatamkubali mwenyekiti wa nyumba nne. Mambo ya ghorofani yawe kwa idadi ya nyumba, kisha wewe uwe wa wote. Utahitaji viti viwili vya nini, na wewe ndiye mwenyekiti?"

Nililala na maneno hayo siku tatu. Nilijiambia nitawasaidia watu wangu zaidi nikiwa mbele. Ukweli ni kwamba nilikuwa mtunza ghala maisha yangu yote, na hakuna mtu aliyewahi kuniinukia kwa heshima nilipoingia mahali.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Bi Katibu alikuwa ameandika katika daftari, kwa mkono wake, kwamba viti vya mahali haviondolewi ila kwa mdomo wa mahali penyewe. Hata wengine wote wakitaka, wenyewe wakikataa, basi. Na mdogo wangu alikuwa India, amempeleka mkewe hospitali. Nilimpigia simu.

"Kaka, unisubiri," akasema. "Alhamisi mbili tu. Nikirudi tutaongea. Usiseme kitu bila mimi."

Nikamwambia sawa.

Jioni ya mkutano Bi Katibu alisema mapema kwamba Bujumbura haijatimia. "Mdomo wao ni watu wawili. Mmoja yuko safarini. Tungojee."

Tajiri akaomba daftari. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Imeandikwa *mdomo*. Haikuandikwa *midomo*. Wewe mwenyewe ndiye mwalimu wa lugha, Bi Katibu. Mdomo ni mmoja au ni miwili?"

Nilimwona Bi Katibu akilichukua daftari na kulitazama neno lile kama mtu anayetazama mwiba kidoleni. Angeweza kusema alimaanisha hivi au vile, na watu wangemwamini. Lakini alikuwa ametufundisha miaka yote kwamba kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa.

"Ni mmoja," akasema. "Kosa ni la kalamu yangu." Kisha akanigeukia mimi. "Basi mdomo ni wako, baba. Nnakuomba umsubiri ndugu yako. Hapa hakuna jambo linaloungua."

Nilikuwa nimepewa mlango wa kutokea, mbele ya watu, tena kwa heshima. Nikatikisa finjani.

Bi Katibu alikuja na dele, akaichukua ile finjani niliyokwisha kuitikisa, akaijaza mpaka juu, akanipa.

Lazima nieleze. Bujumbura, ukimpenda mgeni unamjazia kikombe. Huku finjani hutiwa kidogo chini tu, na kujazwa maana yake ni moja: kunywa, uende. Nilikuwa nimeishi Maskati zaidi ya miaka arobaini, nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilijiambia kwamba Bi Katibu, mtu wa busara, amekumbuka desturi ya kwetu na ananipongeza. Nikainywa yote huku natabasamu. Watu walitazama zulia.

Nikawa mwenyekiti. Ghorofani sasa walihesabu nyumba, na nyumba nne hazikutosha hata kiti kimoja. Jambo la kwanza walilolitaka lilikuwa siku za ukumbi. Alhamisi ya kwanza ilihitajika kwa posa na harusi za wenye watu wengi, na mimi ndiye niliyeisoma orodha mpya kwa sauti.

Mdogo wangu alirudi mkewe akiwa hajapona sawasawa. Nilipaswa kwenda kumpokea na kumwambia. Niliahirisha kesho kwa kesho, na kwa uoga wangu nikafikiri atasikia kwa wengine. Hakusikia. Alhamisi ya kwanza akaja na sufuria ya maharage ameikumbatia kwa taulo, watoto nyuma yake, akakuta ukumbi umejaa watu wa posa ya mpwa wa tajiri. Mimi nimekaa mahali pa mwenyekiti.

"Karibuni," nikamwambia, kwa sauti ile ya kuwakaribisha wageni. Sijui ilitoka wapi.

Akanitazama, akatazama zile kanzu zote, akageuka na sufuria yake. Bi Katibu aliinuka, akamfuata ngazini na lile goti, mimi sikuinuka.

Hakujiuzulu. Watu walidhani atajiuzulu. Aliendelea kuandika mahudhurio ya ghorofani kama zamani, na kila mkutano, chini kabisa, aliandika: *Bujumbura, hawapo*. Tajiri akamwambia aache, sehemu hiyo haina tena viti.

"Sikuandika kwamba wana viti," akajibu. "Nimeandika kwamba hawapo. Nimesema uongo?"

Nilikuwa nikitia sahihi chini ya mstari ule, mkutano baada ya mkutano. Mwaka mmoja na nusu baadaye wenye nyumba nyingi wakataka mwenyekiti wao, wakahesabu, wakanishukuru na kuniondoa.

Msimu wa baridi uliopita nilikwenda kumtazama Bi Katibu nyumbani kwake Mawaleh. Hatoki tena. Nilimkuta ameegemezwa mito, televisheni inaonyesha mieleka bila sauti, Nakato anamkanda goti.

"Umekuja mwenyewe au umeletwa?" akaniuliza.

"Mwenyewe, Bi Katibu. Nimekuja kukuomba. Mwite ndugu yangu hapa. Kwako atakuja. Nataka kumwambia nilikosa."

"Nimeshamwita. Uliposema kwenye simu unakuja, nikamwita. Sikukwambia, ungekimbia."

Sikupata muda wa kukimbia. Mdogo wangu aliingia na mfuko wa mapapai, amekonda, anacheka tangu mlangoni.

"Bon, Mama Katibu! Namna gani? Goti linasema nini leo?"

"Linasema lugha nisiyoijua."

"Njo nimekuletea papai, ya kukamua na ndimu, kama kwetu..."

Akaniona. Akauweka mfuko chini taratibu, akaweka mkono kifuani.

"Hayyak Allah, ya sheikh," akasema. "Kef halak? Kef al-awlad?"

Aliniuliza hali na watoto kwa Kiarabu, vizuri, kama anavyoulizwa mtu wa heshima. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili cha nyumbani. Nilimwambia sikudanganywa na mtu. Nilitaka uenyekiti, ndiyo hivyo tu. Alinisihi nimsubiri, nikamwambia sawa, na sikusubiri. Akaja na watoto na chakula, nikamkaribisha kama mgeni. Nilisema yote, mbele ya Bi Katibu na Nakato, na sikulia kwa sababu sikujiona nina haki hiyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiarabu kwamba amenisamehe, kwamba Mungu atusamehe sote, na kwamba nyumba yake iko wazi kwangu sikukuu zote. Akanibusu kichwani kama wanavyowabusu wazee hapa.

Bi Katibu akajiinua kwenye mito. "Nyumbani kwangu ndugu husemezana Kiswahili."

"Ndiyo nakisema, mama," mdogo wangu akamjibu kwa upole. "Na wewe nakisema. Na mwenyekiti sina Kiswahili."

Akamkatia papai, akamlisha vipande viwili vitatu, akamtania kidogo, akaaga. Mimi alinipa mkono.

Mlango ulipofungwa nikamgeukia Bi Katibu. "Mwambie. Wewe atakusikia."

Nilimwona amechoka, na nilimwona ananihurumia, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

"Amekusamehe, baba," akasema. "Usimwombe na kingine."

Nimeufuata ushauri wake. Sikukuu nakwenda kwa mdogo wangu, ananipokea mlangoni, ananikalisha mahali pa wageni, ananiuliza hali yangu kwa Kiarabu fasaha, nami najibu kwa Kiarabu. Wazazi wetu walishakufa, dada yetu alishakufa, na katika nchi hii hakuna mwingine anayenijua tangu utotoni. Yuko hai, anaishi dakika ishirini kutoka kwangu, hana chuki nami, na hajaniita tena Kaka. Hicho ndicho uenyekiti ulichonigharimu.